Kibanio Begani: Dobi Anayesubiri Kumwogesha Mjukuu

Saa mbili asubuhi, mvuke umeshajaa chumba cha pasi na vioo vya madirisha vinatiririka maji. Wanawake watano wanafunga aproni huku wakiulizana habari za watoto na za kodi ya nyumba. Wa sita anaingia mwisho. Anasalimia, ananyoosha mkono kwenye kapu la vibanio vya kuanikia nguo, anachagua kimoja cha mbao na kukibana kwenye bega la kushoto la blauzi yake. Kisha anavuta kigoda na kukaa mbele ya rundo la mashuka makavu.

Hakuna anayeuliza kitu. Aliyekuwa akielekea kwenye kamba za kuanikia anageuka na kuishika pasi iliyobaki bila mtu. Mwingine analisukuma karai la kulowekea kwa mguu mpaka upande wa pili wa chumba. Mazungumzo ya kodi yanaendelea palepale yalipoachwa.

Wateja, ambao hawajui, humtania. Mzee mmoja aliyefuata suruali zake anamwambia kwamba amesahau kibanio begani. Anajibiwa bila kuinuliwa macho: "Sijasahau, baba. Nimejianika nikauke." Chumba kizima kinacheka, mzee naye anacheka, anachukua suruali zake na kwenda zake. Ni kwa mizaha ya namna hiyo alipata jina la Mama Kibanio, na ndilo tutakalomwita hapa, maana mwenyewe hakutaka lingine.

Ukweli wa kibanio hicho wanaujua wenzake na watu wa nyumbani kwake tu. Mama Kibanio ana kifafa, na kifafa chake kina majira: humwangusha anapokaribia kuingia katika siku zake za mwezi. Akiwa nacho begani, wenzake wanajua kwamba leo asipewe pasi wala asiachwe peke yake na maji mengi. Akianguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, akae na mtu mpaka arudiwe na fahamu.

Siku za kibanio hukunja nguo na kufunga mabunda. Ujira wa kukunja ni nusu ya ujira wa pasi, lakini hilo ameshalizoea. Asilolizoea linaning'inia nyuma yake ukutani, kwenye msumari: beseni dogo la njano, la kuogeshea mtoto mchanga, bado lina karatasi ya dukani. Alilinunua bintiye alipopata ujauzito. Mjukuu ameshazaliwa, ameshakaza shingo, na beseni halijaguswa na maji.

"Nafua nguo za watoto wa watu kila siku ya Mungu," anasema. "Mjukuu wangu sijammwagia hata kikombe cha maji. Nataka nimwogeshe kwa mikono yangu, basi. Sijaomba kingine."

Kwa bibi mwingine yeyote, hilo lingekuwa jambo la kuombwa, tena mapema, mama wa mtoto akiwa hoi kwa usingizi. Kwake limekuwa jambo la kusubiriwa. Sababu yake ilianza siku nyingi, kabla hata binti huyo hajazaliwa, ndani ya chumba cha daktari.

Kifafa kilimwanza mwaka uleule alipovunja ungo. Alianguka shuleni, mbele ya ubao, chaki mkononi. Majirani walisema yote waliyozoea kusema: kuna waliotaja mapepo, kuna waliotaja jicho la mtu, na kuna waliowakataza watoto wao kucheza naye kwa kuamini kwamba povu lake linaambukiza. Mama mtu hakusema lolote. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha bintiye usafi wa siku zile, akimtafutia vitambaa, akimkanda mgongo unapouma. Haukupita muda akaona kwamba mgongo ukianza kuuma, kuanguka nako hakuko mbali.

Baba akasisitiza mtoto apelekwe hospitali, na kwa hilo hatuna budi kumshukuru, kwa sababu wengi hawapelekwi. Wakaenda wote: baba, mama, msichana na baba yake mdogo. Daktari aliwapa viti, akasikiliza, akauliza swali lililostahili kuulizwa. Je, hali hii humshika wakati gani? Ina majira yake?

Mama huyo sasa ni kikongwe. Anakaa kwa binti yake mkubwa, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama uwanja wa nyuma, na ukimtembelea atakuuliza kwanza umekula nini kabla ya kukuuliza umefuata nini. Swali la daktari analikumbuka neno kwa neno.

"Baba yake amekaa kulia kwangu, shemeji yangu kushoto," anasimulia. "Mambo ya damu ya mtoto wa kike niyaseme mbele yao? Nikajibu, haina wakati, daktari. Inakuja tu."

Mumewe akaitikia kwa kichwa. Daktari naye akaamini, kwani nani anamjua mtoto kuliko mama yake? Msichana akapewa vidonge vya kila siku, vikamsaidia nyakati nyingine zote, ila zile siku zilipokaribia alianguka kama kawaida. Kila alipobadilishiwa daktari, mpya alikuta imeshaandikwa kwamba ugonjwa hauna wakati maalumu, akaendelea kutoka hapo. Na msichana mwenyewe, aliyekuwepo chumbani akitazama vidole vya miguu yake, alikua akiamini hivyo hivyo.

Alipokuwa mkubwa aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole ambaye kazi ilimweka barabarani kuliko nyumbani. Akashika mimba. Hapo likatokea jambo lililowafurahisha wote: kifafa kikatulia. Mimba nzima hakuanguka hata mara moja. Ndugu wakasema mtoto kaja na dawa yake. Alijifungua salama, akanyonyesha, na bado kimya.

"Nikajua nimepona," anasema. "Nikaanza kuviruka vidonge. Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini?"

Hakuna aliyemweleza kwamba mimba hubadilisha homoni za mwanamke, na kwa baadhi yao kifafa hupumzika kwa muda. Siku zake za mwezi ziliporudi, kifafa nacho kilirudi, na kilimkuta ameinama juu ya beseni.

Ilikuwa asubuhi, uani, jua limeanza kuchoma. Mama yake alikuwa amekuja kumsaidia na alikuwa jikoni akichambua mboga. Usiku uliopita bintiye alikuwa amelalamika mgongo, na bibi yule alimkanda kwa mafuta ya moto kama alivyomkanda tangu usichana, bila kusema kitu. Sasa alikuwa akimsikia akimwimbia mtoto. Wimbo ukakatika katikati. Alisubiri uendelee, haukuendelea, akatupa kisu na kutoka mbio.

Alimkuta binti chini, akitetemeka mwili mzima, na mtoto wake chali ndani ya beseni, maji yameshafika mdomoni. Akamnyakua, akamlaza kifudifudi kwenye mkono, akampigapiga mgongo. Mtoto akakohoa, kisha akalia.

"Kile kilio mpaka leo nakisikia," anasema bibi huyo, akitafuta leso yake bila kuiona ingawa iko mapajani.

Jioni hiyohiyo dada mkubwa alikuja kumchukua mtoto. Kwa muda tu, walisema, mpaka mama yake apone. Dada hakuwa na ubaya wowote, na Mama Kibanio analirudia hili kila mara ili asieleweke vibaya. Alimlisha mtoto, akamvisha, akamsomesha, akamkesha kila homa ilipomshika. Ila ugonjwa haukupona, na ule muda ukageuka miaka. Ndoa nayo ikafa kimya kimya, kila safari ya lori ikiwa ndefu kuliko iliyotangulia.

Mtoto alijifunza kusema akiwa kule. Neno "Mama" alimpa aliyekuwa akimwogesha. Aliyekuja kumtembelea na mfuko wa matunda alimwita Mama Mdogo, kwa kuwa watoto wengine wa nyumba ile walimwita hivyo.

"Nilimsahihisha mara moja," anasema Mama Kibanio. "Nikamwambia, mimi ndiye mama yako. Akaniangalia, akamkimbilia dada. Sikumsahihisha tena."

Kazi ya udobi aliipata kwa kupita mlangoni na kuuliza. Msimamizi wa pale, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, ambaye kila mtu anamwita Jemadari, alimtazama mikono, akamwambia aanze kesho. Hakutaja ugonjwa wake. Angeutaja asingeajiriwa, alidhani, na kwingine kote alikokuwa ameutaja hakuajiriwa. Matokeo yake ni kovu linaloanzia kifundo cha mkono wa kulia na kupanda karibu na kiwiko, limenyooka ukingoni kwa umbo la pasi.

Alipotoka hospitali na mkono uliofungwa alikuja kuaga. Jemadari akamuuliza anaaga anakwenda wapi, na mashuka ya nyumba ya wageni atakunja nani? Akabaki.

Wanawake wanaofanya kazi chumba kimoja na kutumia choo kimoja hujuana. Jemadari alimchunguza kimya kimya, jambo ambalo kwake si jepesi, na siku moja wakiwa wawili wanakamua blanketi, kila mmoja ameshika upande wake, akamwambia: "Shoga, wewe huanguka ukikaribia siku zako. Umewahi kumwambia daktari?"

Mama Kibanio alicheka. Alimjibu kwamba chake hakina wakati, ndivyo ilivyoandikwa tangu utotoni. Jemadari akamwambia aliyeandika hakuwa akifua naye nguo.

Akamsindikiza kliniki, akaingia naye mpaka ndani, na akayasema yote bila kushusha sauti, wagonjwa wa kwenye benchi wakasikia. Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza maswali ambayo Mama Kibanio hakuwahi kuulizwa, akamwambia kwamba si yeye peke yake, wako wanawake wengi wenye kifafa cha namna hiyo. Mwilini mwa mwanamke kuna homoni inayouchochea ubongo na nyingine inayoutuliza, na karibu na siku za mwezi ile ya kutuliza hushuka ghafla.

"Nilielewa haraka," anasema. "Ni kama mnapokamua blanketi, mwenzako akaachia upande wake. Utayumba tu." Akaongezewa dawa ya kunywa katika siku hizo tu. Hakupona, lakini kuanguka kukapungua sana, na kwa mara ya kwanza aliweza kujua ni lini ajihadhari.

Kibanio kilikuja baadaye. Jemadari alikuwa na tabia ya kumuuliza kutoka upande wa pili wa chumba, mbele ya wateja wanaume, kama leo yumo au hayumo. Mama Kibanio akamsihi watafute njia nyingine kabla hajafa kwa aibu. Jemadari akaokota kibanio sakafuni, akambana nacho begani.

Lakini furaha ya kujua ilikuwa na mwiba ndani yake. Jioni ya siku ile ya kliniki alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, akamuuliza kama alikuwa akijua. Alitegemea kusikia hapana. Mama yake akamjibu kwamba alijua, tangu mwanzo, tangu chaki na ubao.

"Nilikaa chini," anasema Mama Kibanio. "Nikahesabu kila kitu. Mkono wangu, mume wangu, mtoto wangu. Vyote vilipotelea pale, kwa daktari."

Mtu anaweza kumlaumu bibi yule. Sisi tulikwenda kwake na lawama zetu tayari, tukarudi nazo. Aliliwazia jambo hili zaidi ya mtu yeyote, na ukikaa naye atakuchorea kile chumba cha daktari kwa kidole juu ya shuka lake: hapa meza, hapa baba, hapa shemeji. "Na hapa palikuwa na mlango," anasema. "Ningesema tu, tupisheni kidogo. Maneno mawili. Wangetoka." Mumewe ameshafariki, na hakuwahi kuambiwa. Anadhani siku hizi kwamba angeelewa.

Mama Kibanio amemsamehe, na humpelekea nguo zake zimepigwa pasi kila Ijumaa. Anakiri tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Kumsamehe mama hakukumrudisha mtoto kwenye beseni.

Sasa amevuka miaka arobaini na mitano, na mwili umeanza kubadilika tena. Siku zake zimevurugika: zinakuja mara mbili, kisha zinapotea kabisa, kisha zinarudi bila hodi. Kifafa kinazifuata kokote ziendako. Hivi karibuni alianguka karibu na kamba za kuanikia, bega likiwa tupu, akapasuka kidevu. Muuguzi wa kliniki amemweleza kwamba yuko njiani kuelekea ukomo wa hedhi, na njia hiyo kwa wanawake wa aina yake ina mabonde. Zikishakoma kabisa, huenda kifafa kikatulia. Kwa wengine hutulia, kwa wengine hapana. Alimwomba amhakikishie, muuguzi akakataa kumdanganya.

Kwa hiyo siku hizi kibanio anakivaa karibu kila asubuhi, kwa tahadhari. Na hapo ndipo ombi lake lilipokwama, kwa sababu bintiye alimwekea sharti moja. Alimwambia, kwa upole, kwamba atamwogesha mtoto siku atakayokuwa hajavaa kibanio.

Ni sharti la haki. Binti huyo alikua akisimuliwa habari ya beseni tangu akiwa mdogo, na sasa yeye ndiye mama. Mama Kibanio hakubishana. Alirudi kazini, akaliacha beseni la njano kwenye msumari, akasubiri asubuhi moja ambayo mwili wake ungemwambia kitu cha kuaminika.

Alasiri ya siku tuliyokuwa naye, binti anaingia bila taarifa. Mtoto yuko mgongoni, ametapikia nguo zake na za mama yake, ananuka maziwa. Anasema alikuwa akipita, akaona aombe maji. Macho yake yanatazama beseni kabla hayajamtazama mtu.

Mkono wa Mama Kibanio unapanda begani. Tunauona wote. Binti bado yuko mlangoni, jua liko nyuma yake, hajaona vizuri. Ni kubonyeza tu kibanio na kukidondosha ndani ya kapu lililojaa vingine kama hicho. Jemadari ameshika pasi hewani. Mashuka yanamsubiri.

Mkono unakaa pale kidogo. Kisha unashuka mtupu.

"Leo nimevaa, mwanangu," anasema Mama Kibanio. "Nimevaa wiki nzima. Siku zangu zimevurugika na sijui tena ni lini. Sitaki kukuficha."

Binti anasogea ndani. Anamfungua mtoto mgongoni taratibu, kama mtu anayejipa muda wa kufikiri, anamuuliza Mama Kibanio kama dawa yake amekunywa, anajibiwa amekunywa. Anauliza akianguka hufanywa nini. Jemadari ndiye anayemjibu, na kwa mara moja maishani anajibu kwa sauti ya chini. Binti anasikiliza mpaka mwisho. Halafu anaomba mkeka.

Wanautandika sakafuni, mbali na pasi. Beseni linateremshwa kwenye msumari na Jemadari anabandua ile karatasi kwa ukucha. Binti anamimina maji mwenyewe, machache, hayafiki hata nusu ya kidole. Anakaa chini, miguu imenyooshwa, anampakata mtoto juu ya beseni, kiganja kimoja chini ya kichwa na kingine chini ya mgongo.

"Mimi nitamshika, simwachii," anasema. "Wewe osha, Mama Mdogo."

Mama Kibanio anapiga magoti upande wa pili. Mikono yake imekakamaa kwa sabuni ya miaka mingi, na anaiosha kwanza kwa maji safi, mara mbili. Anaanza na miguu. Anapita katikati ya vidole, kimoja kimoja, anapanda magotini, anapanda tumboni, anafika kwenye mikunjo ya shingo palipojificha maziwa. Mtoto analalamika, kisha ananyamaza na kukitazama kile kibanio begani. Pasi zote chumbani zimesimama. Mteja aliyeingia na bunda lake anaonyeshwa kwa kidole akae.

Haichukui muda mrefu, kwa kuwa mtoto mdogo hana pa kuosha pengi. Akishafutwa na kuvishwa shuka la mteja, ambalo Jemadari anasema litafuliwa upya, binti anambusu Mama Mdogo wake shavuni na kwenda zake. Hasemi ni lini atarudi.

Mama Kibanio anabaki ameketi mkekani, maji yakiwa bado beseni. Tunamuuliza anatarajia nini mbeleni. Anasema anamwomba Mungu siku zake za mwezi zikome upesi, zikome pamoja na mgeni wake, kifafa, na iwapo daktari atakubali, siku moja amwogeshe mtoto huyu bila mtu kushika kichwa. Isipowezekana, atashukuru kwa miguu na shingo. Tunamuuliza kama bado linamuuma lile jina, Mama Mdogo, alilolisikia tena leo. Anakisukuma kibanio begani kwa kidole, kiko imara.

"Huyu atajifunza kusema, atatuita bibi, mimi na dada yangu," anasema. "Bibi ni bibi tu. Hapo hakuna mdogo."

Anainuka, anamwaga maji kwenye mfereji, anaukausha ukingo wa beseni kwa aproni yake na kulirudisha kwenye msumari. Kisha anavuta kigoda na kurudi kwenye mashuka.